Punda Aliyeletwa na Mwenyewe

"Hivi jirani, mtu wa kwenu akiugua, mpaka aote mkia ndiyo utamwona?"

Muuza mkaa ndiye aliyeuliza hivyo asubuhi moja, ameegemea ukuta mfupi uliotenganisha nyua zao, mikono myeusi hadi viwikoni. Mama Mbwa alikuwa amechuchumaa, anamnywesha mbwa mgonjwa uji kwa kijiko. Hakuinua hata kichwa.

"Wewe ota tu," alimjibu. "Bakuli nitakutafutia."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akaendelea na kazi yake. Lakini fundi, mume wa Mama Mbwa, aliyekuwa akishona mlangoni, hakucheka. Alinyanyua tu shati la mteja, akaanza kuliondolea manyoya ya paka kwa kitambaa chenye maji, kama alivyofanya kwa kila nguo kabla haijatoka nyumbani kwake. Alikuwa mtu mpole. Paka walilala chini ya cherehani yake, juu ya mkebe wa vifungo, hata ndani ya kapu la suti za harusi, naye hakuwahi kumpiga hata mmoja.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabanda ya mbao na mabati. Humo waliishi mbwa waliookotwa mitaroni, paka waliotupwa na magunia yao, na mbuzi mmoja kipofu ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Watu wa mtaa walimpa mama huyu jina la Mama Mbwa kwa kumdhihaki, yeye akalipokea akalivaa kama vazi lake. Hakuwa na watoto wa kuzaa, na hakuwahi kulilalamikia hilo mbele ya mtu. Alisali asubuhi, akafagia mabanda, akapika uji kwenye pipa lililokatwa, na jua likiwa kali alikuwa bado hajakaa chini. Kwa haki ya Mungu, wako viumbe wengi walioishi kwa sababu yake.

Chakula cha viumbe hao kilitoka kwa watu wa kwenye simu. Ndivyo fundi alivyowaita: watu wa kwenye simu. Walikuwa watu wa mbali na wa karibu waliotazama picha za kituo chake cha wanyama, wakaona huruma, wakatuma magunia ya pumba, dawa, mablanketi ya zamani. Kazi hiyo ya picha ilikuwa na utaratibu wake. Mnyama akifika, hapana kumwosha. Hapana kumfuta hata usaha wa jicho. Kwanza apigwe picha vile vile alivyo, katika hali yake mbaya kabisa, ndipo maji na dawa vifuate. Halafu yaandikwe maneno. Na kwa maneno pia Mama Mbwa alikuwa amejifunza kwa kuungua. Zamani aliwahi kuandika, "Paka huyu ameletwa na mwenyewe ili atibiwe." Hakuna aliyetuma hata kipande cha sabuni. Wiki iliyofuata akaandika chini ya paka mwingine, "Ameokolewa," na magunia yakaja. Tangu hapo kila mnyama aliyeingia getini, hata aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, aliokolewa.

* * *

Mdogo wake Mama Mbwa alikuwa muuza maji. Kwa sababu ya madumu aliyobeba kutwa, watu walimwita Dumu, na mkewe mwenyewe alimwita hivyo. Alikuwa na mkokoteni wa matairi mawili na punda aliyeitwa Mshahara.

"Kwa nini Mshahara?" watu walimuuliza.

"Kwa sababu ndiye mshahara pekee ninaouona kwa macho, na mwisho wa mwezi bado yupo."

Dumu alimleta Mshahara kwa dada yake siku ya katikati ya juma, bila mkokoteni, anamvuta taratibu kwa kamba. Begani mwa punda, pale mti wa mkokoteni unapokaa, palikuwa na kidonda kipana kama sahani. Dumu alikuwa amekipaka oili chafu ya gari, kama alivyofundishwa na wenzake wa kisimani, ili nzi wasitue. Oili ilikuwa imechuruzika ubavuni ikachanganyika na vumbi, hata kwa mtu asiyejua ilionekana kama nyama yote imeoza.

"Dada, nisaidie. Kilianza kama chunusi. Nikampumzisha, kikakauka. Nikamfunga tena, kikafumuka. Sasa nimeona nisikufiche."

"Umefanya vizuri kuja. Lakini hii oili nani alikwambia?"

"Kila mtu anapaka."

"Kila mtu si daktari. Haya, msimamishe pale kwenye mwanga."

Akatoa simu. Dumu akajua utaratibu, akasogea, lakini kamba hakuiachia kwa sababu Mshahara hakupenda mbwa.

"Nami nipige basi," Dumu alisema, akikaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Nimeoga leo."

"Sogea huko, unanizibia."

Alisogea. Picha ikatoka na punda peke yake, kichwa chini, masikio yamelala, bega jeusi linang'aa. Pembeni ulionekana mkono tu ulioshika kamba. Mama Mbwa aliona mkono ule, akaona hauna shida, kwani uso haupo.

Kisha akaosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, polepole, huku Dumu ameushika uso wa punda kifuani mwake na kumwimbia kitu kisicho na maneno. Walifanya kazi hiyo pamoja, ndugu wawili, bila haraka. Oili ilipotoka, kidonda kilionekana chekundu na safi, wala hakikuwa kimeingia ndani.

"Kitapona," Mama Mbwa alisema. "Lakini aachwe hapa. Usimfunge mpaka ngozi ifunge. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, daktari wa mifugo atakuwepo, akimwona amepona utaondoka naye."

"Na mimi maji nitabeba na nini?"

"Una mabega."

"Ee, ndiyo nipate na mimi kidonda unipige picha," Dumu alisema, akacheka, akaondoka na kamba mkononi. Alipofika getini akarudi, akaifunga kamba kwenye mti karibu na punda. "Ameizoea hii. Usimfunge kwa nyingine."

Mchana ule pumba zilikuwa zimebaki za kukung'uta gunia. Isitoshe, mwenye nyumba alikuwa amepita jana yake kusema kwamba kelele za mbwa zimemchosha, wahame wao au wahamishe mbwa, wachague. Mama Mbwa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu gotini, akaitazama ile picha. Ilikuwa picha nzuri kwa namna ya picha mbaya. Akaandika:

"Ameokolewa leo kutoka mikononi mwa mtu katili aliyembebesha maji huku anaoza akiwa hai. Hatarudi tena kwenye mateso."

"Umeandika nini?" fundi alimuuliza kutoka mlangoni, sindano mdomoni.

"Ya kawaida."

Hakuwa na nia mbaya, nami siandiki ili nimhukumu. Hakumfikiria mdogo wake hata kidogo, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuandika maneno mengine, kwani yalikuwepo.

* * *

Dumu alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda kwenye kiungo cha kati. Mfuniko wa kisima ulikiangukia akiwa kijana, kikajiunga vibaya. Kila aliyewahi kununua maji kwake alikijua kidole kile, kwa sababu alihesabia madumu kwacho.

Mwenye saluni ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia, Jumatatu iliyofuata. Dumu alifika mlangoni kwake jua likipanda, jasho limemlowesha mpaka magotini, maana aliuvuta mkokoteni mwenyewe. Akashusha dumu la kwanza.

"Liache hapo hapo nje," mwenye saluni alisema.

"Leo hutaki niingize?"

"Leo sitaki kabisa." Alikuwa na kichana mkononi na mteja kwenye kiti. Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wote wanatazama simu moja. "Nionyeshe mkono wako."

Dumu akadhani ni mzaha. Akaunyoosha. "Unanisoma nyota?"

Wale wa kwenye benchi wakautazama mkono, wakatazama simu, wakatazamana.

"Ndio huo huo," mmoja alisema.

"Mimi nilisema ni yeye," mwingine akasema. "Punda mwenyewe namjua, sikio lake lile lina alama."

Mwenye saluni akamgeuzia simu. Dumu hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma neno moja moja, midomo ikimchezacheza, na watu wakamsubiri. Alipofika kwenye jina la kituo chini ya picha, akaacha kusoma.

"Huyu mbona nilimpeleka mwenyewe," alisema.

"Wote husema hivyo wakikamatwa."

"Dada yangu ndiye..." Mdomoni mwake lile neno 'dada' lilikuwa limegeuka kitu kigumu. Kusema kwamba ni dada yake aliyeandika, ilikuwa kumwita dada yake mwongo mbele ya watu wa benchi. Akalimeza.

"Sikiliza Dumu," mwenye saluni alisema, sasa kwa sauti ndogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Mimi sina neno na wewe. Lakini wateja hawataki kuoshwa nywele kwa maji ya mateso. Nenda, mambo yakitulia urudi."

Dumu akalipandisha lile dumu kwenye mkokoteni. Hotelini hawakumfungulia mlango wa nyuma. Kwa muuza maziwa alikuta dumu la mtu mwingine limekwisha kushushwa. Watoto waliokuwa wakitoka shule wakamfuata wakilia kama punda, naye akawajibu kwa kulia kama punda pia, vizuri kuliko wao, wakacheka wakamwacha. Hilo alilijua tangu zamani, kwamba mtu anayejichekesha mwenyewe huachwa mapema. Jioni aliyamwaga maji yaliyobaki kwenye mashina ya miti ya msikitini na ya kanisani, akarudi nyumbani mkokoteni mwepesi.

* * *

Mkewe hakuwa wa kujichekesha. Alifika kwa wifi yake kabla fundi hajafungua dirisha, kanga amejifunga kiunoni kwa kukaza.

"Hodi. Nimekuja kumwona katili. Nimeambiwa anaishi nyumbani kwangu, lakini sijamwona, nikasema labda yuko huku."

Mama Mbwa alikuwa na ufagio. Aliuweka chini. "Karibu, wifi. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitajaa manyoya." Akamtazama Mshahara, aliyekuwa akitafuna majani kivulini, kidonda chake kikavu, ngozi changa imeanza kuingia pembeni. "Huyu ndiye anayeoza akiwa hai? Mbona amenenepa kuliko mume wangu?"

"Wifi, yale ni maneno ya kazi tu. Sikumtaja mtu."

"Ulitaja kidole. Dumu wangu ana kidole kimoja tu cha maana na wewe umekitangaza." Akaikaza tena kanga. "Jana amemwaga maji aliyoondoka nayo. Nimemwambia tuje wote, tukuulize. Amekataa. Unajua amesemaje? 'Dada ataona mwenyewe, atarekebisha.' Mtu mzima, anazungumza kama mtoto anayesubiri kuitwa ndani ale."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, tepe ya kupimia imemning'inia shingoni. Hakuna aliyemkaribisha katika mazungumzo hayo, naye hakuingia, lakini hakuondoka.

"Nitarekebisha," Mama Mbwa alisema.

"Lini?"

"Leo. Kabla jua halijazama."

"Utaandika nini?"

"Nitaandika kwamba punda aliletwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mdogo wangu, na ni mtu mwema."

Wifi yake akamtazama kwa muda. Kisha akafungua kanga, akaifunga upya, sasa kwa kulegeza. "Hivyo hivyo. Usiongeze chumvi. Wewe ukiongeza chumvi watu tunakufa."

Akaondoka. Kwa muuza mkaa alisikika akimwambia kwamba mambo yamekwisha.

* * *

Mama Mbwa alikaa kwenye ndoo yake kweli, akaanza kuandika kweli. Alikuwa amefika kwenye neno 'mdogo wangu' simu ilipolia.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye shamba nje ya mji. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwenye simu tangu mwanzo, na mablanketi mengi yaliyokuwa mabandani yalitoka kwake. Hakuwa na mtu nyumbani kwake, alikuwa na mashamba.

"Mwenzangu," alisema yule mama, na sauti yake ilikuwa bado na machozi, "nimemwona yule punda. Sijala tangu jana. Ni mtu wa namna gani huyo?"

"Ni..." Mama Mbwa alianza.

"Usinitajie, sitaki kumjua. Nikimjua nitafanya dhambi. Sikiliza, umeniambia siku nyingi mwenye nyumba anawasumbua. Nina kipande pale shambani, kina uzio na maji. Kichukue. Hamisha viumbe wako wote, kaa nao, hakuna atakayekufukuza. Na huyo punda nitakuja kumchukua mwenyewe Jumamosi, akae na ng'ombe wangu, asivute tena kitu mpaka kufa kwake. Nataka kuyaona macho yake yakijua kwamba mateso yamekwisha."

Pale ndipo palipokuwa na njia mbili, na moja ilikuwa wazi kabisa. Mama Mbwa aliwatazama mbwa, nao walikuwa wamelala jinsi walivyolala kila siku, mmoja kamlalia mwenzake. Akayakumbuka maneno ya mwenye nyumba. Akamwona mawazoni yule mama, akigundua kwamba huzuni yake yote ilikuwa ya uongo, na akijiuliza ni huzuni ngapi nyingine alizouziwa hivyo hivyo.

"Asante," alisema. "Mungu akubariki."

Simu ilipokatika aliyafuta maneno aliyokuwa ameanza kuandika.

Fundi alikuwa amesikia. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Umempa punda wa mtu."

"Nimepata mahali pa mbwa wote. Wote, baba. Unajua wakifukuzwa hapa wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye sumu ya manispaa."

"Nimesema umempa punda wa mtu. Punda wa Dumu."

"Dumu nitampatia mwingine, mwenye nguvu kuliko huyu. Nitakwenda kumweleza mwenyewe, ataelewa. Dumu hajawahi kunikatalia kitu."

"Ndiyo maana." Fundi akavua tepe shingoni, akaikunja mkononi. "Mimi nikikosea kukata nguo ya mtu, namwita siku hiyo hiyo, namwonyesha. Anatukana, tunamaliza. Sijawahi kumshonea mtu kosa langu nikamwambia ndiyo mtindo."

"Basi nenda wewe ukamwambie asije Jumamosi."

"Hapana, mke wangu. Hilo ulibebe mwenyewe."

Mama Mbwa hakwenda. Kila siku alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli: paka aliyezaa vibaya, dawa iliyochelewa, mvua. Siku moja akiwa uani alisikia mkokoteni unapita nyuma ya ukuta, na mtu anapumua kwa nguvu katikati ya miti miwili ya mkokoteni. Mshahara akainua masikio akalia. Mkokoteni ukasimama.

"Umeamkaje, bwana Mshahara?" sauti ya Dumu ilisema kutoka upande wa pili. "Unakula bure huko, sivyo? Haya, kula. Mimi nakushikia nafasi."

Mama Mbwa alikuwa karibu na ukuta kiasi cha kuweza kumgusa kama ukuta usingekuwepo. Aliinama akaingia ndani ya banda la mbwa, akakaa humo miongoni mwao mpaka magurudumu yalipoanza tena.

* * *

Jumamosi Dumu alifika amevaa shati lake la kwenda kwenye mambo ya maana, lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Alikuwa amenyoa. Mabega yake yalikuwa yamevimba chini ya shati, na alitembea kama mtu aliyebeba kitu ingawa hakubeba kitu. Getini akakuta gari la mizigo limerudi kinyumenyume, ubao umeegemezwa, na vijana wawili wa shamba wanamvuta Mshahara kwa kamba mpya.

Mshahara alikuwa amekita miguu yote minne. Walimvuta, akakaa. Mmoja akamsukuma nyuma, akapigwa teke la paja akaruka pembeni akitukana.

"Msimpige!" mama mwenye shamba alisema. Alikuwa amevaa viatu vya mpira vipya na alikuwa na karoti mkononi. "Amepigwa vya kutosha huyu. Ana hofu, maskini, anadhani anarudishwa."

"Hodi," Dumu alisema.

Punda akasikia. Akageuka na kamba na kijana wote, akaja mbio fupi, akaingiza uso wake wote kwapani mwa Dumu, akatulia humo.

Daktari wa mifugo akajifanya anatafuta kitu mkobani. Fundi alikuwa mlangoni.

"Yarabi!" mama mwenye shamba alisema, akajishika kifua. "Tazama. Tazameni jinsi mnyama anavyomjua mtu mwema. Huyu ni nani?"

Alimuuliza Mama Mbwa. Dumu naye alimtazama dada yake, wala hakukuwa na hasira katika uso wake. Kulikuwa na kungoja tu, kama mtu aliyeleta mtungi kisimani na zamu yake imefika.

"Ni kijana wetu," Mama Mbwa alisema. "Anatuletea maji hapa kituoni."

Fundi aligeuka, akaingia ndani.

"Kumbe!" mama mwenye shamba akamsogelea Dumu. Hakukitazama kidole, alimtazama machoni, na macho yake yeye yalikuwa na machozi ya kweli. "Mungu akulipe, kijana. Laiti yule mwenyewe katili angekuwa hapa leo, aone. Wewe umemfanyia nini huyu punda mpaka akupende hivi?"

"Namletea maji, mama," Dumu alisema.

"Basi tusaidie. Kwako atakubali. Mpandishe, aende akapumzike."

Dumu hakusogea. Aliupitisha mkono chini ya shingo ya Mshahara, akaligusa bega. Ngozi ilikuwa imefunga vizuri, laini, bila nywele bado. Angeweza siku ile ile kumfunga na kwenda naye kisimani.

"Nimpandishe, dada?" aliuliza.

Mwenye shamba hakuona kitu katika neno hilo, kwani kijana yeyote humwita dada mwanamke aliyemzidi. Mama Mbwa aliona kila kitu. Alikuwa amemlea mgongoni mtu huyu, na sasa mtu huyu alikuwa kama amemshika mkono mbele ya watu wote bila kumtia aibu, na kumpa nafasi aseme mwenyewe. Neno moja lilitosha. Mabanda yalikuwa nyuma yake, na mbwa walikuwa wakibweka.

"Mpandishe," alisema.

Dumu akaifungua kamba mpya, akawarudishia vijana. Akaenda mtini, akaichukua ile ya zamani, akamvisha. Kisha akatangulia kwenye ubao yeye, kinyumenyume, akizungumza taratibu, na Mshahara akamfuata, kwato moja, kwato nyingine, bila kuvutwa. Juu ya gari Dumu alimfunga kwa fundo ambalo halikazi shingoni. Akamwonyesha kijana wa shamba.

"Usimfunge kwa nyingine," alimwambia. "Na mbwa hawapendi. Ukitaka atulie, mshike hapa chini ya sikio."

"Huyu nimpe kazi," mama mwenye shamba alimnong'oneza Mama Mbwa, na wakaagana kwa kukumbatiana.

Gari likaondoka. Mshahara alilia mara moja likikata kona, na mbwa wote wakamjibu, kisha wakanyamaza. Daktari naye akaaga kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa. Kutoka ndani hakukusikika cherehani.

Dumu alikuwa kwenye ndoo ya maji, ananawa mikono. Alinawa taratibu, hata kati ya vidole, akajifuta kwenye suruali ili shati lisichafuke.

"Mdogo wangu," Mama Mbwa alisema. "Nisikilize. Wasingekuwa na pa kwenda, umeona mwenyewe. Nitakutafutia mwingine. Kabla mwezi haujaisha, naapa. Mkubwa kuliko huyu. Na yale maneno nitayafuta, leo hii, sasa hivi unaniona." Akatoa simu, hakujua abonyeze wapi. "Niambie kitu basi. Nitukane. Dumu. Nitukane basi, ndugu yangu."

Mbuzi kipofu alikuwa amesimama katikati ya njia, anasikiliza. Dumu alimshika pembe kwa upole, akamsogeza kando asije akakanyagwa. Akafika getini, akatoka, akalivuta geti nyuma yake, akalinyanyua kidogo kama mtu anayejua kwamba bawaba yake imelegea, akasukuma komeo mpaka likaingia, mbwa wasitoke. Kisha akashika njia ya kisimani.